Idhini ya msimamizi kwa akaunti mpya: ndiyo, ila kwa mpango

Dada, pole kwa usumbufu. Umeeleza kuwa tovuti yenu ya wiki, ile ambayo watu wengi huihariri pamoja, ya historia ya mitaa ya Ilala imejaa akaunti za matangazo ya kamari, na unauliza kama kila anayejiunga asubiri idhini. Kwa kundi dogo kama lenu, mimi nasema ndiyo. Kama mnatumia MediaWiki, programu ya kuendeshea tovuti za wiki, kipo kiendelezi (programu ya nyongeza) kiitwacho ConfirmAccount: mtu anaomba akaunti, anathibitisha barua pepe, anaandika kidogo kujihusu, nanyi mnakubali au mnakataa.

Tatizo ni kusubiri. Mzee wa Kariakoo mwenye kumbukumbu nzuri akikaa wiki nzima bila jibu, harudi tena, na alichokijua mmekikosa. Kwa hiyo wekeni wasimamizi watatu wanaopokezana zamu, maombi yajibiwe siku hiyohiyo. Na tafadhali msidai namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa! Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawabana wanaokusanya taarifa za watu, na kumjua mchangiaji hakuhitaji hayo. Muulizeni tu anataka kuandika nini.

Kabla ya hapo, jaribuni swali la Kiswahili kwenye fomu ya kujiunga, mfano, "Kariakoo iko wilaya gani?" Roboti nyingi hukwama hapo. Wikipedia ya Kiingereza haiombi idhini. Kurasa zake zilizolindwa kiasi humtaka mhariri awe na akaunti ya siku 4 na mahariri 10. Mkikua, hamieni kwenye utaratibu kama huo.