Jibu: Mashine ya kukamulia kwanza, au banda?

Ndugu, umeuliza kama pesa uliyonayo uiweke kwenye mashine ya kukamulia au urekebishe banda kwanza, na ng'ombe wako ni 12. Mimi ningeanza na banda, bila kusita.

Ng'ombe wa maziwa anahitaji kulala kama saa 12 kwa siku. Akilala anacheua vizuri na damu inapita kwa wingi zaidi kwenye kiwele. Jaribu hivi: ingia wanapolala, jiangushe kwa magoti mara mbili tatu. Yakikuuma, au suruali ikitoka imeloa, basi hata wao hawapumziki. Mwaga mchanga wa kutosha au tandika magodoro ya mpira, na maji ya kunywa yasikauke.

Mashine ni nzuri, sikatai, ila inataka nidhamu. Ile mipira inayoshika chuchu hupata nyufa ndogo mno ndani, na bakteria hujificha humo. Ya kawaida hubadilishwa baada ya kukamua takriban mara 2,500. Kwa ng'ombe 12, seti mbili za vikombe vinavyobeba mipira hiyo (kila seti hukamua ng'ombe mmoja kwa zamu), mara mbili kwa siku, hiyo ni kama miezi saba tu! Tena kila ukivua vikombe angalia ncha ya chuchu. Ukiona imekuwa ngumu na ina pete nyeupe inayokwaruza, huenda nguvu ya kufyonza imezidi au vikombe vinakaa muda mrefu mno. Ita fundi siku hiyo hiyo kabla ugonjwa wa kiwele haujaingia.

Tangi la kupozea lifuate baadaye, lenye uwezo wa kushusha maziwa hadi nyuzi 4.