Usukani Ukicheza, Usikimbilie Spea za Gerezani

Juzi msomaji wa Mbagala kaniandikia. Corolla yake ya zamani usukani unacheza, ikipita kwenye mashimo inagonga mbele, na fundi ameshatoa hukumu: raki, ule mtambo unaopeleka mzunguko wa usukani kwenye tairi, imekufa. Anauliza anunue mpya au ya mtumba. Ndugu yangu, hujafika huko. Kuna mtu amelala chini ya hiyo gari akaangalia?

Mimi yalinikuta na Carina, gereji moja ya Tabata. Fundi alikaa kiti cha dereva, akauchezesha usukani kulia kushoto, akashuka. "Raki hiyo, bosi. Toa hela kijana akimbie Gerezani kwenye maduka ya spea." Hakuinama hata kidogo. Nilipomwomba apige jeki tuangalie, akacheka mbele ya vijana wake: "Kumbe bosi nawe fundi siku hizi?" Nilikuwa na shati la ofisini. Kicheko kile sijakisahau, na sioni kwa nini nikisahau.

Nikachukua funguo zangu. Jumamosi mzee jirani, dereva mstaafu wa malori, akanipa darasa uani. Tukapiga jeki, tukaweka na stendi (jeki peke yake usiiamini, inaua). Nikashika tairi, mkono mmoja kushoto mwingine kulia, nikatikisa. Likacheza. Nikashika juu na chini: kimya. "Basi boljointi, kiungo kinachobeba tairi, na beringi waache," akasema mzee, "mgonjwa yuko kwenye mikono ya usukani." Akaniambia nibandike kiganja kwenye tairodi endi, kiungo cha mwisho wa mkono wa usukani, huku yeye akitikisa tairi. Nikausikia mgongano wa chuma, tik, tik, ndani ya kiganja. Mpira wake umepasuka, grisi imegeuka tope la mchanga. Raki yenyewe kavu, haivuji hata tone! Tukabadilisha tairodi endi, nikaenda kufanya alaimenti, yaani kunyoosha tairi, na Barabara ya Mandela gari ikaenda mstari.

Kucheza ni kitu kimoja, uzito ni kingine. Usukani mzito, anza na upepo wa tairi, halafu mafuta ya pawa stearingi na mkanda wa pampu yake. Gari inavuta upande, hamisha tairi za mbele, ya kushoto kulia na ya kulia kushoto. Mvuto ukihama nao, tatizo ni tairi. Ukishuka kwenye gari, sogeza kiganja karibu na rimu: moja ikiwa ya moto kupita mwenzake, breki inang'ang'ania. Mtetemo wa mwendo wa 80 au 100, kabalansi tairi kwanza. Ukija pale unapokanyaga breki tu, angalia disiki.

Sisi watu wa Dar tuna aibu ya ajabu. Gari tumeinunua kwa mkopo, lakini kuinama chini yake tunaona tutachafuka, halafu tunalalamika mafundi wezi. Inama! Mwambie akuonyeshe kinachocheza kabla hajataja bei. Na akishabadilisha, kichukue cha zamani mkononi, ukitikise. Kama hakichezi, mwambie akirudishe kilipokuwa.