Maswali ya Walimu: Beseni, Dodoki na Mikono ya Watoto wa Miaka Miwili

SWALI: Nina watoto 18 wa kati ya miezi 18 na miaka 3, pamoja na msaidizi mmoja. Niliweka kilo tano za mchele kwenye beseni juu ya meza ili wachezee. Haikupita muda mchele ulikuwa umetapakaa chumba kizima, na mmoja akajitia punje puani. Mkuu wa kituo ameniambia niachane na mambo hayo. Je, ni mapema mno kwa umri huu?
Mwalimu wa chekechea, Morogoro

JIBU: Si mapema, mwalimu. Umri huo ndio hasa wa kushika, kumwaga na kuminya. Kilichoharibu ni mchele. Punje za mchele, maharage na choroko hazifai kuchezewa na watoto wa chini ya miaka 3: huingia puani na masikioni, zikilowa huvimba, na mtoto akipaliwa nazo zinaweza kuziba njia ya hewa. Maharage mekundu mabichi yana sumu pia. Punje ikiingia puani usiichokonoe kwa pini wala kijiti, utaisukuma ndani zaidi. Mpeleke mtoto kituo cha afya. Kuna na jambo la adabu: wazazi wengi humwambia mtoto chakula hakichezewi, na ni vizuri darasa lisiwapinge.

Anza na maji na dodoki. Weka turubai nje kivulini, na juu yake mabeseni mawili yaliyoachana hatua mbili: moja lenye maji ya kina cha sentimita 3 hivi, jingine tupu. Kata dodoki vipande vikubwa kama ngumi ya mtu mzima, kimoja kwa kila mtoto, vyote vinavyofanana, maana kipande kimoja kizuri kuliko vingine ni ugomvi. Waite watoto wanne tu. Loweka dodoki, lihamishe, liminye kwenye beseni tupu. Fanya mara moja, polepole, bila maelezo, kisha waachie.

Mtazame mtoto akiliminya mara ya kwanza. Maji hutiririka kwenye kifundo cha mkono mpaka kiwikoni, naye husimama kimya akiyatazama. Hapo ndipo walimu wengi hukosea kwa kumuuliza, “Hii rangi gani?” Mwache. Akikutazama, mpe neno moja la kile anachokihisi: “baridi”, “zito”, “linachuruzika”. Neno linalokuja mkono ukiwa bado umelowa hushika haraka.

Dakika 10 zinatosha kwa kundi moja. Wengine 14 wawe na msaidizi wako, mbali kiasi cha kutoyaona mabeseni, la sivyo watakuja wote. Wewe keti chini kando ya maji, usiondoke hata kidogo: mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya sentimita chache tu. Kundi la mwisho likimaliza, mwaga maji papo hapo na ufunike mabeseni kifudifudi. Maji yakimwagika kwenye turubai, mpe mtoto kitambaa afute; kufuta nako ni kazi ya mikono.

Na beseni likae chini, si mezani. Likiwa usawa wa kifua, mkono mmoja ukifagia, kila kitu kimeanguka.

Kwa kifaa kingine chochote, tumia kiini cha karatasi ya chooni, yaani lile bomba la kadibodi la katikati, kama kipimo. Kinachopita ndani yake hakifai. Kifuu cha nazi kilichosuguliwa kingo kinafaa. Kizibo cha soda hakifai.

SWALI: Unga wetu wa kufinyanga unanata mikononi na unaota ukungu baada ya siku mbili. Tunakosea wapi?
Mlezi, Tanga

JIBU: Bila shaka hamuupiki, au chumvi ni kidogo. Chukua vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi laini, vikombe 2 vya maji, vijiko vikubwa 2 vya mafuta ya kula na vijiko vikubwa 2 vya maji ya ndimu. Changanya sufuria ikiwa baridi mpaka mabonge yaishe, kisha weka kwenye moto mdogo na usonge kwa mwiko kama ugali. Baada ya dakika 4 au 5 unga utaachana na sufuria na kuwa donge moja. Ukiepua ungali unanata katikati, bado haujaiva. Ukande ungali na joto kidogo, kisha uache upoe kabisa kabla ya kuufunika. Mvuke ukifungiwa ndani ya kopo ndio unaoleta ukungu.

Hewa ya pwani ina unyevu, na chumvi huuvuta, kwa hiyo unga utarudi kunata baada ya siku kadhaa. Ongeza kiganja cha unga, kanda tena. Ukinuka, tupa.

Chumvi hiyo ni nyingi kwa tumbo la mtoto, na huchoma kwenye mchubuko. Anayetia kila kitu mdomoni abaki na maji na dodoki kwanza.

SWALI: Mtoto mmoja analia kila tunapompakaza udongo mikononi.
Mwalimu, Mombasa

JIBU: Msimpakaze. Mpeni kijiko au kijiti achokoe mwenyewe, na kitambaa kikavu kando yake ajifute atakapo. Huenda kwa siku kadhaa akawa anatazama tu, kisha akagusa kwa ncha ya kidole. Akikataa pia nguo fulani na vyakula vingi kwa jinsi vilivyo mdomoni, na hali ikaendelea kwa miezi, zungumzeni na mzazi ampeleke kliniki.