Muulize Fundi wa Redio: Tachi ya Navi Inabonyeza Pembeni, Menyu ya Siri Itanisaidia?

Maswali ya tachi, yaani skrini ya kugusa, yamejaa kuliko ya spika safari hii, kwa hiyo ukurasa wote naufanya wa tachi. Ombi langu moja tu, mkiandika semeni gari ni ya mwaka gani na redio ni ile ya kiwandani au ya kufungwa baadae, maana jibu linabadilika kabisa hapo.

Shikamoo fundi. Gari yangu ni ya Kijapani ya 2008, navi (redio yenye skrini na ramani) ni ile iliyokuja nayo. Nikibonyeza CD inafunguka ya chini yake, nikitaka kushusha AC inapandisha. Fundi wa mtaani kasema kioo kimekufa ninunue redio nzima ya Android, jirani yangu anasema kuna menyu ya siri unaingia unarekebisha bure. Nimsikilize nani? (Msomaji, Tabata, Dar es Salaam)

Marahaba. Hela yako iache mfukoni kwanza. Jirani yuko karibu na ukweli ila kuna hatua kairuka, na ndio hatua yenyewe ya maana, kupima kabla ya kurekebisha. Menyu ya siri ina kazi mbili, kukuonyesha tachi inasoma nini na kurekebisha usomaji huo, watu wote wanakimbilia ya pili wakati ya kwanza ndio inakwambia kama kioo kimekufa kweli au kimepotea njia tu.

Hujaniambia ni gari gani so nakupa njia za zile zilizojaa barabarani. Toyota nyingi za miaka hiyo zenye navi ya kiwandani, na ndugu zake Lexus, washa gari, kaa na kitufe cha INFO umekibonyeza usikiachie, huku mkono mwingine unawasha na kuzima taa ndogo mara tatu. Skrini inabadilika inakuletea menyu ya mafundi. Honda zenye vitufe pembeni ya skrini unashikilia MENU, MAP na CANCEL kwa pamoja sekunde kadhaa mpaka ikubali. Nissan zenye kitufe cha SETTING unazima redio kwanza, unashikilia SETTING huku unazungusha nobu ya sauti, na uizungushe haswa, inataka mibofyo 30 na kuendelea, wengi wanaishia kumi wanasema gari yao haina menyu. Na kama ni navi ya Pioneer ya AVIC hakuna siri yoyote, kalibresheni (yaani kurekebisha usomaji wa tachi) ipo kwenye mipangilio ya kawaida, ina ya pointi nne na ya pointi kumi na sita.

Ukishaingia usiguse kitu, tafuta ukurasa wa kupima tachi. Kwenye Toyota skrini inakuwa tupu na kila unapogusa inabaki alama ya msalaba. Sasa gusa kona nne, gusa katikati, halafu gusa mstari kutoka kushoto kwenda kulia polepole. Misalaba yote ikikaa pembeni ya kidole kwa umbali ule ule na upande ule ule, furahi, kioo kizima kimehama tu na kalibresheni inakirudisha. Kama katikati ni sawa ila upande mmoja misalaba inaruka, au kuna sehemu unagusa haitokei kitu, hapo utando wa tachi umechakaa na hata ukalibreti kutwa nzima haitasaidia, itakaa sawa leo kesho imerudi pale pale.

Na hata ikiwa ni ya pili bado huhitaji redio nzima. Kwenye skrini nyingi za umri huo kioo cha tachi ni kipande cha peke yake kimelala juu ya skrini yenyewe, kinauzwa peke yake na fundi mwenye mkono mtulivu anakibadilisha. Pima urefu na upana wake kwa milimita, hesabu nyaya za utepe wake, ule waya bapa unaokiunganisha na redio (nyingi ni nne), angalia utepe unatokea upande gani, ndipo uende Kariakoo. Ukienda na jina la gari peke yake utapewa kinachofanana.

Jambo la mwisho kwako na naomba ulizingatie, ile menyu ina vitu vya hatari pia. Kuna sehemu ya kufuta kumbukumbu zote, kuna sehemu ya aina ya gari na nchi, kuna marekebisho ya sensa ya spidi. Piga picha kila ukurasa kwa simu kabla hujagusa kitu, na ukiona umepotea zima gari tu, ukiwasha tena kwa kawaida inakuwa imetoka yenyewe.

Fundi habari ya kazi. Nasomea umeme wa magari na nimeona mafundi wakikalibreti kwa kugusa misalaba mitano. Hakuna anayeweza kunieleza ile misalaba inafanya nini hasa. Kwa nini mitano? (Mwanafunzi, Morogoro)

Mwanangu swali lako nimelipenda sana, fundi anayejua kwa nini hatababaishwa na redio yoyote.

Tachi za zamani, zile za kubonyeza, ni tando mbili zilizopakwa kwa ndani madini yanayopitisha umeme huku yanaonekana kama kioo, ni oksaidi ya indiamu na bati. Katikati yake kuna nukta ndogondogo za kuzitenganisha zisigusane. Ukibonyeza, utando wa juu unapinda unaugusa wa chini. Sasa saketi inapitisha volti ndogo kwenye utando mmoja toka kushoto mpaka kulia, na ule mwingine unasoma volti ya pale zilipogusana. Ukibonyeza katikati inasoma kama nusu, ukisogea pembeni inapanda au inashuka. Halafu inageuza inafanya hivyo hivyo kwa juu na chini. Basi, kila mguso unakuwa namba mbili.

Tatizo ni kwamba namba hizo hazijui chochote kuhusu picha. Tuseme saketi inasoma toka 0 mpaka 4095, na skrini yako ina nukta 800 kwa 480. Kona ya kushoto kabisa haisomi 0, labda inasoma 210, ya kulia labda 3880, na utando wenyewe huenda umebandikwa kwa kupinda kidogo. Kwa hiyo redio inahitaji hesabu ya kugeuza namba za utando kuwa nukta za picha, yenye kusogeza, kutanua na kuzungusha. Hesabu hiyo inatosha kwa pointi tatu tu zisizokaa kwenye mstari mmoja. Zile mbili za ziada ni za kuhakikisha, kama mkono wako uliteleza kwenye mmoja, nyingine zinapunguza kosa. Na kwa kuwa misalaba yote inaingia kwenye hesabu moja, ukigusa mmoja vibaya skrini nzima inaharibika na sio kona hiyo tu.

Sasa miaka ikipita na gari inalala juani, gundi inalegea na ile rangi ya madini inalika sehemu zinazobonyezwa sana, namba zinabadilika lakini hesabu ya zamani imebaki vile vile kwenye kumbukumbu. Hapo ndio mteja anakwambia nabonyeza hapa inafunguka pale.

Kwa mikono yako sasa. Subiri gari ipoe ndani, usikalibreti saa nane mchana gari ikiwa imetoka kuanikwa. Futa kioo, hasa kwenye kingo, vumbi na mafuta yakijibana chini ya fremu yanabonyeza utando muda wote na utasoma uongo, hii nimeikuta kwenye gari nyingi kuliko unavyodhani na kipande cha karatasi kigumu kikipitishwa kwenye kingo kinaimaliza. Betri iwe na chaji. Tumia kitu chenye ncha butu kama ile kalamu ya plastiki ya tachi, kidole ni kinene na peni ya wino inachana. Kaa kiti cha dereva, macho yako yawe pale yatakapokuwa ukiendesha, maana utando upo juu kidogo ya picha na ukiangalia kwa pembeni msalaba unaonekana umehama. Gusa katikati ya msalaba, shikilia mpaka uhame wenyewe. Na usizime gari wakati inaandika.

Sasa fundi. Niliweka redio ya Android kwa gari, nikafanya riseti ya fakitori na sasa tachi imegeuka, nikigusa kushoto inashika kulia. Siwezi hata kufungua settings. Jamaa aliyeniuzia hashiki simu. (Msomaji, Nakuru)

Pole sana ndugu, ila hii ni rahisi kuliko inavyokaa. Chukua mausi ya kompyuta ya kawaida, chomeka kwenye waya wa USB wa redio, nyingi zinaikubali na mshale unatokea kwenye skrini. Ukikosa mausi, gusa kinyume, kama kushoto inashika kulia basi kitufe cha kulia kitafute kushoto kwa umbali ule ule.

Ukifika kwenye mipangilio tafuta sehemu ya fakitori, itakuomba pasiwedi. Redio hizi zina majina elfu kwa nje lakini ndani bodi zake ni za watengenezaji wachache, na zinazokubali mara nyingi ni 126, 3368 na 8888. Ndani tafuta mipangilio ya tachi, huko kuna kugeuza kushoto kulia, juu chini, au kubadilishana mihimili, yaani kushoto kulia iwe juu chini. Badilisha kimoja, jaribu, ndipo uende kingine. Usiguse kabisa aina ya skrini wala ukubwa wa picha, ukichagua ya bodi nyingine picha inapotea na hapo mausi haikusaidii tena. Kuna na sehemu ya kufundisha vitufe vya pembeni vya kugusa, hiyo ni kitu kingine, wengi wanaichanganya na kalibresheni.

Na wengine mnaotaka kununua hizi redio, mwambieni muuzaji aandike pasiwedi ya fakitori kwenye risiti kabla hamjalipa. Ni haki yenu kabisa, redio ni yenu.

Assalaam aleikum fundi. Niko Muscat, gari ni ya 2016, skrini inajibonyeza yenyewe, inapiga simu, inabadili stesheni, mchana ndio zaidi. Nimetafuta kalibresheni kwenye menyu zote sijaiona. (Msomaji, Muscat)

Waaleikum salaam ndugu yangu. Huioni kwa sababu pengine haipo. Jaribu kugusa kwa ukucha peke yake au kifuniko cha kalamu, kama haisikii basi skrini yako ni ya aina ya simu, haisomi kubonyezwa, inasoma umeme kidogo wa kidole, na mistari yake ya kusomea imechorwa kiwandani kwenye kioo chenyewe. Haihami. Ikijibonyeza yenyewe ujue kuna kitu kinaidanganya.

Anza na vya bure. Chomoa chaja zote za simu kwenye kiberiti cha gari, chaja ya bei rahisi inamwaga kelele za umeme kwenye waya na skrini inadhani ni kidole. Bandua plastiki ya kulinda kioo. Halafu zima gari kabisa, fungua mlango, subiri mpaka skrini ife kweli, washa tena bila kuigusa, kwa sababu inapowaka ndio inajipimia hali ya kutoguswa na ukiwa umeweka mkono inaanza na kipimo kibovu. Baada ya hapo ingia ukurasa wa kupima, kaa uangalie tu bila kugusa. Miguso ya uongo ikitokea popote popote fikiria umeme, chaja au waya wa arthi. Ikitokea kwenye mstari ule ule mmoja kila mara, na joto likipanda inazidi, ni utepe au kioo kimeachana gundi ndani na dawa yake ni kubadili kioo. Na mpaka urekebishe zima bluetooth ukiendesha, simu ikijipiga yenyewe inakutoa macho barabarani.

Fundi nilichomoa betri nikasikia ndio inariseti tachi, sasa navi ya Kijapani imejifunga inaomba namba. Nifanyeje? (Msomaji, Mwanza)

Hiyo ni kinga ya wizi, navi nyingi za Toyota za soko la Japani zikikosa umeme zinajifunga. Kwenye ukurasa ule wa kufungulia kuna namba inaanza na ERC, iandike yote pamoja na namba ya modeli ya redio, hizo mbili ndio fundi anazitumia kupata namba ya kufungulia. Usibahatishe namba. Na ile SD kadi ya ramani iliyomo ndani usiitoe hata kama ni ramani ya Japani tu, navi hizo nyingi bila kadi yake haziwaki kabisa. Betri kuchomoa hakukalibreti chochote jamani, hesabu ya tachi inakaa kwenye kumbukumbu isiyotegemea betri.

Kwenye hiyo menyu ya siri naweza kuweka ramani ya Tanzania na FM ya kwetu? (Msomaji, Dodoma)

Hapana kwa yote mawili. Ramani ipo kwenye kadi au diski na ni ya Japani, menyu haina pa kuitoa ya kwetu, tumia simu. FM ya redio za Japani inaanza 76 inaishia 90, mpya kidogo zinafika 95, na kwetu ni 87.5 mpaka 108, mpaka huo umo kwenye redio yenyewe. Funga ekspanda, kile kifaa kinachoshusha masafa ya stesheni, kwenye waya wa antena, ni kazi ndogo, kama yako inashusha megahezi 14 basi stesheni ya 98.0 utaisikia kwenye 84.0.