Kipande cha mpira kimeingia moyoni: je, kifua kitafunguliwa?

SWALI: Daktari, mwanangu wa miaka 5 anatibiwa saratani ya damu na aliwekewa mpira wa kupitishia dawa chini ya mtulinga. Hivi karibuni dawa ilianza kukwama, na eksirei ikaonyesha kwamba mpira umekatika na kipande kimo moyoni. Mtoto anacheza kama kawaida. Je, ni lazima kitolewe, na watamfungua kifua? Mama, Morogoro.

JIBU: Pole sana, mama. Watoto wengi wenye tatizo hili hawaonyeshi dalili yoyote, lakini hiyo isiwe sababu ya kungoja, kwani kipande hicho chaweza kugandisha damu, kuvuruga mapigo ya moyo au kusukumwa hadi kwenye mishipa ya mapafu. Na kwa mtoto ambaye kinga yake imeshushwa na dawa za saratani, maambukizi ndiyo yanayonitia hofu zaidi. Usimlaumu kwa kucheza: mpira unaopita kati ya mtulinga na ubavu wa kwanza hubanwa kila mkono unapoinuliwa, hata ukachakaa na kukatika.

Mara nyingi kifua hakifunguliwi. Tangu mwaka 1964 madaktari wameripoti kutoa vipande moyoni bila upasuaji mkubwa. Mtoto hupewa dawa ya usingizi, kisha mrija mwembamba hupitishwa kwenye vena ya paja hadi moyoni, daktari akifuatilia kwenye skrini, na mbele ya mrija hufunguka kitanzi cha waya laini, mfano wa tanzi la kunasia ndege. Kazi iko katika kuipata ncha iliyo huru. Ikiwa ncha zote zimejibana ukutani, kipande huvutwa kwanza katikati kwa mrija uliopinda. Kikinaswa hukunjika na kuwa kinene maradufu, ilhali vena ya mtoto ni nyembamba, ndiyo maana huvutwa taratibu mno. Kisha hupimwa urefu kuhakikisha hakuna kilichobaki.

Kikikaa miezi mingi hushikamana na ukuta wa mshipa, na kukivuta huwa hatari zaidi. Omba rufaa mapema, kwa mfano Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, inayotibu mioyo ya watoto kupitia tundu dogo la paja.

Kwa sasa dawa yoyote isipitishwe kwenye mpira uliobaki, na akipata homa, kikohozi, kubanwa pumzi au moyo kwenda mbio, mpeleke hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.