Maswali ya Wasomaji: Swichi Inawezaje Kukumbuka?

SWALI: Nimesoma kwamba transista ni swichi tu, inayoruhusu umeme upite au kuuzuia. Swichi inawezaje kutunza maandishi au picha? Na kwa nini kazi ambayo sijaihifadhi hupotea kompyuta inapozimika ghafla, ilhali picha zilizomo kwenye flashi hubaki hata ikikaa miezi kadhaa bila umeme?

JIBU: Shaka yako ina msingi, kwa sababu katika kumbukumbu kuu ya kompyuta, yaani RAM, transista yenyewe haikumbuki chochote. Kinachotunza data ni kapasita, yaani kifaa cha kuwekea chaji ya umeme, ndogo mno iliyounganishwa nayo, ambayo ikiwa na chaji huhesabiwa kuwa 1 na ikiwa tupu huhesabiwa kuwa 0; maandishi na picha zote hutunzwa kama mifuatano ya 1 na 0 hizo. Transista ni bawabu tu wa kuifungulia chaji njia na kuifungia. Muundo huu wa transista moja na kapasita moja kwa kila biti, yaani kila 1 au 0, ulibuniwa na Robert Dennard wa kampuni ya IBM mwaka 1966, naye akapewa hataza yake mwaka 1968. RAM ya gigabaiti 8 ina jozi za namna hiyo zaidi ya bilioni 68, zilizopangwa katika safu mlalo na safu wima.

Linalostaajabisha zaidi, kwa maoni yangu, ni namna biti hizo zinavyosomwa. Kwanza waya unaopita kwenye safu wima huwekwa katika nusu ya volti ya kawaida. Kisha transista hufunguliwa, na kapasita iliyojaa huipandisha volti ya waya kidogo sana, au iliyo tupu huishusha kidogo sana. Saketi ya kukuza mawimbi, iliyounganishwa na waya huo, huitambua tofauti hiyo ndogo na kuikuza hadi iwe 1 au 0 kamili. Hata hivyo, chaji huwa imekwisha kutawanyika kwenye waya, maana yake ni kwamba kusoma biti ni kuifuta, na ndiyo sababu saketi hiyo hiyo huirudisha chaji mahali pake kabla transista haijafungwa.

Isitoshe, chaji huvuja hata pale transista inapokuwa imefungwa. Kwa hiyo kila safu mlalo husomwa na kuandikwa upya bila kukoma, kwa kawaida angalau mara moja katika kila milisekunde 64, hata kama hakuna programu inayoihitaji. Umeme ukikatika, kazi hiyo husimama, chaji huisha, na maandishi yako huenda nayo.

Ndani ya prosesa kuna kumbukumbu nyingine, kache, ambayo kwa kawaida hutumia transista sita kwa kila biti na haina kapasita hizo. Ina kasi zaidi lakini hula nafasi kubwa, nayo pia hupoteza data umeme unapokatika.

Katika flashi ndipo transista yenyewe hukumbuka. Wazo hilo lilitolewa na Dawon Kahng na Simon Sze wa Bell Labs mwaka 1967, na katika miaka ya 1980 Fujio Masuoka wa Toshiba akabuni flashi yenyewe. Katika muundo huo, transista huongezewa geti la pili (geti ni sehemu inayoifungua na kuifunga transista) lililozungukwa pande zote na kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme, cha oksidi ya silikoni. Volti kubwa inapotumika, elektroni hupenya kihami hicho na kunaswa ndani, nazo huifanya transista iwe ngumu kufunguka. Hivyo wakati wa kusoma, mkondo ukipita ni 1, usipopita ni 0. Kuzitunza elektroni hizo hakuhitaji umeme wowote.

Lakini kila uandishi na ufutaji hukichakaza kihami kidogo, na elektroni nazo hutoroka polepole kadiri miaka inavyopita, hasa penye joto kali. Kwa hiyo picha unazozithamini ziwe na nakala nyingine nje ya flashi hiyo.