Maswali na majibu: ada ya leseni ya silaha

Ada ya leseni ya gobore ni shilingi ngapi? (Wasomaji watatu, Mbeya)

Swali hili nimelijibu mara nyingi mno. Viwango huwekwa kwa kanuni na hubadilishwa, kwa hiyo ulizeni katika kituo cha polisi cha wilaya. Sitaandika tarakimu ambayo mtu ataikata gazetini na kwenda kubishana nayo dirishani mwakani.

Gobore langu ni la kulinda mahindi tu. Je, ni haki nitozwe ada kama tajiri mwenye bastola? (Mkulima, Idodi, Iringa)

Ada si kodi. Kodi hulipwa ili serikali iendeshe shughuli zake zote, na Ibara ya 138 ya Katiba inataka itozwe kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge. Ada ni malipo ya huduma uliyopewa, nayo huwa ya haki pale inapokaribiana na gharama ya kukuchunguza na kukuandikisha katika daftari. Uchunguzi huo siupingi hata kidogo, kwa kuwa silaha isiyojulikana ni hatari kwa jirani kabla ya kuwa hatari kwa nguruwe pori.

Ninachokipinga ni kupima haki kwa stakabadhi peke yake. Ombi huanzia serikali ya kijiji, likapita kata, wilaya na mkoa, na kila hatua ina safari yake. Mzee mmoja wa huko kwenu alinifungulia mfuko wa nailoni: stakabadhi ya ada ilikuwa moja, lakini tiketi za basi la kwenda Iringa mjini zilikuwa saba, na siku mbili kati ya hizo aliambiwa mhusika yuko kikaoni. Usiku aliolala mjini, nguruwe pori walilaza robo ya shamba lake. Ada ikipunguzwa leo na safari zikabaki saba, mkulima atakuwa hajapunguziwa kitu, ilhali mwenye bastola anayeishi mtaa wa pili kutoka kituoni hatajua hata tunalalamikia nini.

Karani akiomba “ya maji” ili faili lisogee, hiyo ni sehemu ya ada? (Chunya)

Hapana, ni rushwa, na mtoaji hushitakiwa kama mpokeaji. Lipeni kwa namba ya malipo ya serikali pekee.

Nikishalipia leseni, naweza kuwinda digidigi? (Mbarali)

Huwezi. Uwindaji una kibali chake chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009.

Baba amefariki na leseni yake ililipiwa. Kwa nini nilipe tena? (Mufindi)

Kwa sababu aliyechunguzwa ni marehemu, si wewe. Leseni hairithiwi kama shamba la chai. Lipeleke gobore polisi sasa, kabla ya kikao cha mirathi, kisha uombe leseni kwa jina lako; ukiendelea kuliweka darini ukingoja ndugu wakubaliane, utakuwa unamiliki silaha bila leseni chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na stakabadhi ya baba haitakusaidia.